Lundo la vibanzi linatoa mvuke alfajiri: nilifunike, nilipindue au niliache?

Mchochezi_K

Wakuu, salaam. Nimekabidhiwa yadi ya kuni za boila. Boila yenyewe inatoa mvuke wa kukaushia mbao, haizimwi ila siku za matengenezo, kwa hiyo lazima tuweke akiba kabla mvua hazijaanza. Bosi amekodi mashine ya kukatakata matawi na magogo membamba. Kwa kuwa ni ya kukodi, anataka kila kitu kikatwe vibanzi kwa mkupuo mmoja, kibichi hivyo hivyo, na kirundikwe.

Lundo la kwanza limefika kama mita tano. Kijiko kinapanda juu yake kulishindilia ili nafasi itoshe. Ndani humo kuna kila kitu: majani, magome, vumbi la msumeno. Sasa kila alfajiri kilele kinatoa mvuke, na ukichimba kwa mkono hufiki kwenye kiwiko kabla hujautoa kwa joto. Harufu yake ni ya kitu kinachochacha.

Pembeni nina mali nyingine mbili. Kuna marobota ya mviringo ya mabua ya ngano, yamepangwa moja kwa moja kwenye udongo. Halafu kuna eneo kubwa la nyasi ndefu ambazo hazijakatwa bado. Nusu bosi anataka tuzichome, nusu nyingine wanazitaka wenye mtambo wa biogesi upande wa pili wa uzio, lakini wanataka tuwahifadhie sisi.

Lundo nilifunike, nilipindue, au niliache? Na hizo nyasi zinahifadhiwaje ikiwa kila mtu anazitaka kwa kazi yake?

Kijana wa Trekta

Turubai zito, funga kamba pande zote, nenda kalale. Adui wa kuni ni mvua, hakuna mwingine.

Zamu ya Usiku

Kijana, kwa marobota makavu nakuunga mkono. Kwa lundo bichi, turubai linalobana litafungia ndani maji yanayotafuta njia ya kutoka. Mvuke utapanda, utagonga turubai, utarudi chini matone matone, na ile sehemu ya juu utakuta imeloa kuliko siku ilipokatwa. Juu ya hapo unaota uyoga.

Mchochezi, kabla ya maswali yako: kijiko kishuke leo. Kisipande tena hapo.

Nimekaa na malundo muda mrefu, zamu za usiku hasa, kwa sababu ndizo saa ambazo lundo hujisema lenyewe. Kinachotokea ni hiki. Mti ukikatwa haufi papo hapo. Chembe zake zinaendelea kupumua, hasa kwenye majani na gome. Bakteria na kuvu wanaingia kwenye sukari na wanga. Wote hao wanatoa joto, na kwa kuwa vibanzi havipitishi joto vizuri, la katikati halina pa kwenda. Siku chache tu zinatosha moyo wa lundo kufika nyuzi 60 au 70. Hapo wengi wa wadudu hao wadogo wanakufa, na watu wengi hudhani mambo yameisha. Sivyo. Kuanzia hapo kuni yenyewe inaungana na oksijeni bila msaada wa kiumbe yeyote, na kadiri joto linavyopanda ndivyo kasi inavyoongezeka. Ukivuka 80 uko kwenye eneo ambalo lundo linaweza kujiwasha.

Kushindilia kunaharibu namna hii: tabaka lililokanyagwa na magurudumu linazuia hewa kupita na kubeba joto nje, lakini pembeni yake kuna vibanzi vilivyolegea vinavyoingiza oksijeni ya kutosha. Mpaka kati ya hivyo viwili ndipo mahali pabaya. Vumbi la msumeno na majani yanafanya kazi ile ile, yanaziba mianya. Na msichanganye vibanzi vikavu na vibichi kwenye lundo moja. Kikavu kikinyonya unyevu wa jirani yake, kule kunyonya kwenyewe kunatoa joto.

Sasa hasara. Vibanzi vibichi vina unyevu wa asilimia 50 hivi, yaani nusu ya uzito ni maji. Kilo moja ya namna hiyo inakupa nguvu ya joto ya kama megajuli 8. Ikikaukia hadi asilimia 20, kilo inakupa megajuli 14 na kitu. Bosi akisikia hivyo atasema tuhifadhi tu. Lakini hesabu tani moja mbichi nzima, siyo kilo. Tani hiyo ina kilo 500 za kuni kavu, na nguvu yake ni megajuli 8,000 hivi. Ikishuka hadi unyevu wa 20 bila kupoteza kuni hata chembe, inabaki na uzito wa kilo 625 na nguvu ya karibu 8,900. Faida ni kama asilimia 11, basi. Na ikiwa wakati inakauka wadudu wamekula sehemu moja katika kumi ya zile kilo 500, unarudi kwenye 8,000 ulizoanza nazo. Lundo bichi la vibanzi hupoteza asilimia 1 hadi 4 ya kuni kavu kila mwezi, na lenye majani na vumbi kama lako liweke upande wa juu. Piga mwenyewe hesabu ya miezi ya mvua.

Kwa hiyo maswali yako. Usilifunike kwa turubai la kubana. Usilipindue ukidhani unalipoza: litapoa siku moja, limepata oksijeni mpya, litapanda tena, na wewe utakuwa umevuta mbegu za kuvu kifuani. Usiliache pia. Liwe la kwanza kuchomwa kwenye boila. Boila ianze kula kutoka hapo leo, na kile ambacho haiwezi kumaliza haraka kigawanye kwenye matuta marefu yenye mgongo mwembamba juu, mvua iteleze na joto lipande kwenye mgongo. Kwa vibanzi safi visivyo na majani wengi huishia mita saba. Kwa mchanganyiko wa kwenu mimi singevuka tatu.

Na magogo yaliyobaki, msikate. Gogo zima lina ngozi ndogo ya kuliwa, na hewa inapita kati yake na mwenzake. Yapange juu ya magogo mawili ya kulalia, yasiguse udongo, upande unaopigwa na upepo, kichwa cha rundo kifunikwe juu tu na mbavu ziachwe wazi. Jua na upepo vitafanya kazi hiyo. Vibanzi vikatwe pale vinapokaribia kuchomwa. Najua mashine ni ya kukodi. Ikodiwe mara mbili.

Mchochezi_K

Shukrani sana mzee wangu. Kijiko kimeshuka, kwa ugomvi lakini kimeshuka.

Nimechoma bomba la chuma lenye ncha hadi katikati, nikateremsha kipimajoto kwa kamba. Nyuzi 63. Nimempelekea bosi hesabu yako, akaja na jibu ambalo sikuwa na la kumjibu. Anasema: "Joto hilo ndilo linalokausha kuni bure, ndio maana kuna mvuke. Tuliache likaushe." Kusema kweli ukiangalia katikati, vibanzi vimeanza kukauka. Ana hoja?

Halafu swali la pili. Unyevu naupimaje? Kipimo chetu cha mbao kikichomwa kwenye vibanzi kinaleta namba za ajabu.

Zamu ya Usiku

Bosi wako si mjinga, hoja yake imewanasa wengi. Katikati kunakauka kweli. Muulize maji yameenda wapi. Chimba nusu mita kutoka juu, utakuta ganda lililoloa chepechepe. Mvuke ukifika kwenye ubaridi wa nje unageuka maji papo hapo.

Lakini tuseme yote yanatoka, hata tone halirudi. Kutoa maji kwenye tani yako kutoka unyevu wa 50 hadi 20 ni kuondoa kilo 375. Kila kilo ya maji inadai megajuli 2.44 ili igeuke mvuke. Jumla ni kama 915. Nani kalipa? Kuni kavu ina megajuli 18.5 kwa kilo, kwa hiyo wadudu wameunguza kilo 49 na ushee. Katika kilo 500, hiyo ni moja ya kumi. Ndiyo ile ile sehemu moja ya kumi niliyokutajia mwanzo, na haikutokea kwa bahati. Maji yasingechemshwa na lundo yangechemshwa na boila, kwa kuni zile zile. Lundo linalojikausha kwa joto lake, hata likifanya kazi bila kupoteza joto hata kidogo, linakurudisha ulipoanzia. Na malundo hupoteza joto, tena sana. Faida pekee unayoweza kuidai ni kwamba boila hupenda kuni kavu, moto unatulia na moshi unapungua. Hilo ni kweli, ila jua lingekupa hilo hilo bila kula kilo 49.

Mwambie hivyo, kwa adabu.

Unyevu: usitumie kipimo cha mbao. Chota vibanzi sehemu nyingi za lundo, kina cha mkono mzima, siyo vile vya juu tu. Changanya, pima kilo moja, weka kwenye oveni nyuzi 105 mpaka uzito uache kushuka, kwa kawaida ni usiku mzima. Kilichopungua ndicho maji. Kilo ikibaki gramu 550, unyevu ni asilimia 45.

Na hapa muwe macho, kwa sababu nyinyi ni watu wa kukausha mbao. Huko kwenye mbao unyevu mnaugawa kwa uzito wa mbao kavu. Kwenye kuni unagawanywa kwa uzito wote, pamoja na maji. Kibanzi ninachokiita cha asilimia 50, fundi wenu wa tanuri atakiita cha asilimia 100, na wote tuko sahihi. Nimeona mkataba wa kuni ukigeuka kesi kwa jambo hili peke yake. Andikeni kila namba ni ya hesabu ipi.

63 si ya kukimbia nyumba. Pima kila siku mahali pale pale, na sehemu nyingine mbili, hasa palipokanyagwa. Ikipanda mfululizo na kupita 70, ongeza kasi ya kuliondoa. Ikipita 80, au ukanusa harufu ya kuungua badala ya ya kuchacha, usichimbe wewe na kijiko. Pembe moja ikifunguliwa inaweza kupata hewa na kulipuka moto. Waite zima moto wawepo na maji yawe tayari. Na hakuna mtu kutembea juu yake, ndani panaweza kuwa pameungua pakabaki pango.

Dada Saileji

Kaka Mchochezi, nijibu la nyasi za jirani zako, maana hapo sheria inageuka juu chini. Mzee Zamu anapigania hewa. Mimi hewa ni adui yangu.

Biogesi haihitaji kitu kikavu. Wale bakteria wa kwenye mtambo wanataka majani laini yenye maji. Ukiwakaushia nyasi ziwe ngumu, umewaongezea kazi na gesi itapungua. Kwa hiyo za kwao zikatwe mbichi, bado hazijakomaa na kuwa ngumu kama miti, na zifanywe saileji, yaani zishindiliwe kwenye shimo na kuchachushwa bila hewa. Zikiwa na maji mengi sana ziache zinyauke shambani kidogo, hadi kitu kikavu kiwe kati ya asilimia 28 na 35. Chini ya hapo maji yatachuruzika kutoka kwenye shimo, na maji hayo ni makali mno: yakiingia kwenye kijito yanamaliza oksijeni na samaki wanakufa. Jengeni mfereji wa kuyakusanya, yaende kwenye mtambo, yana gesi humo.

Zikatwe fupi, sentimita moja hivi. Mwaga tabaka jembamba, kanyaga kwa trekta zito, mwaga tena, kanyaga tena. Ndiyo, kile kijiko kilichofukuzwa huko kwenye vibanzi nileteeni mimi huku! Siku mliyomaliza kujaza, siku hiyo hiyo mfunike kwa plastiki isiyopitisha hewa na mkandamize juu kwa matairi au mifuko ya mchanga. Bakteria wa asidi ya laktiki watakula sukari kidogo, asidi itapanda mpaka pH, kipimo cha ukali wake, ishuke karibu na 4, na kila kitu kitasimama hapo. Saileji iliyofungwa vizuri hupoteza kama sehemu moja ya kumi. Plastiki ikitobolewa na panya mkaacha, hesabu nyingine.

Wakati wa kutumia, wakate uso wote wa shimo na kusonga mbele kwa haraka, si kuchokoachokoa pembeni. Uso uliokaa wazi siku nyingi unapata joto na ukungu. Na siku za mwanzo baada ya kujaza, mkiona hewa ya rangi ya kahawia au manjano inatambaa chini karibu na shimo, ondokeni. Ni naitrojeni daioksaidi, inaharibu mapafu, na madhara yanaweza kuja saa kadhaa baadaye mtu akidhani amepona.

Kitu ambacho hakifai kwa yeyote ni nyasi zilizokauka nusu, zikafungwa marobota zikiwa na asilimia 30 ya unyevu, zikapangwa wazi. Ni mbichi mno kwa boila na zina hewa nyingi mno kwa saileji. Huko ndiko ghala zinakoungulia.

Fundi Masizi

Naongezea upande wa kuchoma, mimi ndiye ninayekwangua boila zenu.

Nyasi za kuchoma msizikate sasa pamoja na za biogesi. Ziacheni zikomae, zikauke zikiwa zimesimama, majani yapukutike. Mmea ukizeeka unarudisha sehemu ya virutubisho kwenye mizizi, na mvua inasuuza potasiamu na klorini. Hivyo viwili ndivyo vinavyonipa kazi: potasiamu inafanya majivu yayeyuke na kugandamana kama kioo kwenye fito za tanuri, klorini inakula mabomba. Mtavuna uzito mdogo zaidi, lakini ni uzito unaoungua kwa amani. Denmaki, ambako mitambo mingi ya joto inachoma mabua ya nafaka, wanajua hili siku nyingi. Bua la kijivu lililonyeshewa shambani kisha likakauka wanalipenda kwenye boila kuliko la manjano linalong'aa. Mvua kabla ya kufunga robota ni dawa. Baada ya kufunga ni sumu.

Marobota yafungwe unyevu ukiwa chini ya 18, ukivuka 20 unatafuta ukungu na joto. Na hayo ya Mchochezi yaliyokaa kwenye udongo yainuliwe leo, yawekwe juu ya kokoto au chaga. Watu hudharau "kaganda kadogo" kaliyooza nje ya robota. Chukua robota la mviringo la kipenyo cha mita moja na nusu, likioza sentimita 15 tu kuzunguka. Umepoteza asilimia 36 ya robota. Pima, mduara hausemi uongo. Kama hakuna banda, yapangeni mistari, bapa kwa bapa, mbavu za mstari mmoja zisigusane na za mstari mwingine, maana mahali zinapogusana ndipo maji yanapokaa. Na safu zigawanywe kwa nafasi pana. Cheche moja isile akiba yote.

Mchochezi_K

Bosi amesoma uzi wote. Hesabu ya kilo 49 ameirudia mwenyewe kwa kalamu, akanyamaza, kisha akasema mashine irudishwe na magogo yabaki magogo. Marobota yanainuliwa kesho. Za jirani tutafanya kama alivyosema Dada, wao walete plastiki.

Ila ana wazo jipya: eti shida zote hizi tuzikwepe, tununue peleti, vile vidonge vya vumbi la mbao lililoshindiliwa, tuzifungie kwenye chumba cha saruji kisicho na dirisha, mvua isizione kabisa.

Zamu ya Usiku

Peleti ni nzuri, unyevu wake uko chini ya asilimia 10 na wadudu hawana la kula humo. Mvua isiziguse ni kweli, zikiloa zinavimba na kuwa uji wa unga. Lakini hicho chumba kisicho na dirisha kinanitia hofu kuliko lundo lako.

Mafuta yaliyo kwenye kuni yanaendelea kuungana na oksijeni hata ndani ya peleti kavu, hasa zikiwa mpya. Yanakula oksijeni ya chumba na kutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mwaka 2006 kwenye bandari ya Helsingborg huko Sweden, baharia alishuka ngazi ya meli iliyobeba peleti na akafa hapo hapo. Shehena haikuwa na moto wowote, ilikuwa imekaa tu. Na moto nao haujasamehe peleti: Februari 2012 ghala la peleti la kituo cha umeme cha Tilbury, Uingereza, liliungua mpaka zima moto wengi wakaitwa.

Chumba kiwe na matundu ya hewa mawili yanayotazamana, moja chini na moja juu, yaliyokingwa mvua. Mlango ufungwe kwa kufuli na uandikwe onyo. Mtu haingii kabla hewa haijapita kwa muda na kipima gesi hakijasoma, na hata hapo mwenzake abaki nje mlangoni. Akianguka aliye ndani, wa nje asimfuate. Aite msaada.

Kipima gesi kinunuliwe kabla ya peleti.